Kreta ya Menengai ilichimbwa na kimondo? Na huyu Shoemaker ni nani?

KijanaWaKreta (Nakuru)

Hamjambo wadau. Mimi huongoza wageni pale juu Menengai, kwenye ukingo. Nawaonyesha mahali pa kupiga picha bila kuteleza, nawatajia upana wa shimo, nawaonyesha mvuke wa visima, halafu nawapa hadithi za mashetani na vita vya Wamaasai wa kale. Wengi huridhika, wananunua soda na kuondoka.

Jumamosi lilikuja basi la wanafunzi wa sekondari kutoka upande wa Kericho. Msichana mmoja akaniuliza kama shimo lilichimbwa na jiwe lililotoka angani. Nikamjibu ni volkano. "Umejuaje?" Nikasema ndivyo nilivyofunzwa. Hapo akaniambia kwamba Marekani kulikuwa na mwanasayansi wa sayari aitwaye Shoemaker, aliyethibitisha kuwa mashimo ambayo wakubwa waliyaita volkano yalichimbwa na vimondo, na kwamba mtu huyo amezikwa Mwezini. Wenzake wakampigia makofi.

Sasa nauliza wenye elimu: tunajuaje kwamba Menengai si ya kimondo? Na huyo Shoemaker, ni kweli au ni mambo ya TikTok?

Otish_wa_Kondele

Kaka, hilo ni rahisi. Mvuke unatoka wapi? Kimondo hakiwezi kuchemsha maji hadi leo. Kesi imefungwa.

MzeeWaVipande (Bahati)

Otish, kesi haijafungwa. Kimondo kikubwa huyeyusha mwamba pia, na joto lake hukaa ardhini miaka mingi mno. Mvuke peke yake haushuhudii chochote.

Kijana wangu, mimi nimezeekea kwenye rigi, mitambo ya kuchimba visima vya mvuke, kwanza Olkaria, kisha hapo hapo unapowaonyesha wageni wako. Kazi yangu ilikuwa vipande. Biti, yaani ncha ya kuchimbia, ikishuka mita mbili, matope yanapanda na mwamba uliosagika. Unauchota, unauosha kwenye chujio, unautia kwenye kifuko, unaandika kina, unampelekea mwanajiolojia wa zamu autazame kwa hadubini. Mita mbili nyingine, tena. Usiku kucha, na baridi ya Menengai unaijua. Jina la Shoemaker nililisikia kwa mmoja wa wanajiolojia hao wa zamu, saa tisa za usiku, tukisubiri mabomba yapandishwe ili biti ibadilishwe. Aliniambia, "Mzee, unajua kuna mtu alifika Mwezini kwa kazi kama hii yako?" Nilidhani ni usingizi. Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata juu yake.

Nianze na Menengai. Vipande tulivyotoa ni trakaiti, mwamba wa lava, juu ya trakaiti, na kati yake majivu ya volkano yaliyoshikamana. Ukienda chini sana unakuta sayenaiti, yaani magma iliyoganda kabla ya kufika juu. Na kuna visima ambavyo, kwenye kina cha kilomita mbili hivi, vilianza kutoa vipande vya kioo kibichi, kioo ambacho hakijapata muda wa kuwa mwamba. Biti ilikuwa imegusa magma yenyewe. Siku kama hiyo kila mtu kwenye rigi hunyamaza. Kwa hiyo chanzo cha moto kipo, tumekigusa. Kale mlima ulirusha majivu na magma nyingi mno, huko chini pakabaki bila kitu cha kuushika, na kilele kikaporomoka ndani. Hilo ndilo shimo lako, kama kilomita 12 kwa 8.

Sasa mtu wako. Eugene Shoemaker alizaliwa Los Angeles mwaka 1928. Akaingia chuo cha Caltech akiwa na miaka 16, na mwaka 1948 tayari ameajiriwa na idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani, USGS, kutafuta urani huko Colorado na Utah. Sikiliza: urani. Hakuanza na darubini. Alianza na nyundo, mkoba na vumbi. Lakini akiwa kijana wa miaka 20 alijiambia kwamba watu watafika Mwezini kabla hajazeeka, na watakapofika watahitaji mwanajiolojia, basi awe yeye. Wakati huo hata Sputnik, satelaiti ya kwanza, ilikuwa haijarushwa. Hakuwaambia wenzake, naye alikuwa na akili, maana wangemcheka.

Kule Arizona kuna shimo la upana wa kilomita 1.2 hivi na kina cha mita 170. Vipande vya chuma cha angani vilikuwa vimetapakaa kulizunguka. Mwaka 1891 alikwenda Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia mkuu wa idara hiyo hiyo ya USGS. Akapima kwa sumaku, hakuona dalili ya bonge la chuma chini. Akapima udongo wa ukingoni, akaona ungetosha kulijaza shimo lote, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya jiwe lililozama. Akahitimisha ni mlipuko wa mvuke wa volkano. Kwa vipimo alivyokuwa navyo alifikiri vizuri, mimi simlaumu. Baadaye Daniel Barringer, mtu wa migodi, akashikilia kwamba ni kimondo, akachimba kwa miaka mingi akitafuta chuma cha kuuza, akafa mwaka 1929 bila kukipata. Kumbe chuma kingi kilikuwa kimeyeyuka na kutawanyika kwa kishindo cha kugonga.

Shoemaker alipofika hapo, alikuwa ameshatembelea Nevada, kwenye mashimo yaliyoachwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Huko aliona jambo moja: tabaka za ukingoni hupinduliwa, kama chapati inavyogeuzwa kwenye kikaango, ile ya chini inakuwa juu. Akalipima shimo la Arizona tabaka kwa tabaka, akakuta mpangilio ule ule. Mwamba wa zamani umelala juu ya mwamba mpya. Mlipuko wa mvuke haulazi tabaka kwa utaratibu wa namna hiyo.

Halafu ukaja ushahidi wa hadubini, na hapa ndipo mtu wa vipande kama mimi hufurahi. Mwaka 1953 mkemia Loring Coes alikuwa ametengeneza kwenye maabara aina ya silika, madini yaliyo kwenye mchanga, inayohitaji mgandamizo mkubwa ajabu. Ikaitwa koesaiti kwa jina lake. Hakuna aliyekuwa ameiona ardhini. Mwaka 1960 Edward Chao, Shoemaker na Beth Madsen wakatangaza kwamba imo kwenye mchanga wa shimo la Arizona. Volkano haina nguvu ya kuitengeneza pale juu ya uso wa ardhi. Kitu kilichogonga kwa kasi ya kutisha ndicho kinachoweza.

Mwaka huo huo akiwa na mkewe Carolyn akaenda Ujerumani, kwenye bonde la Ries, upana wa kilomita 24, yaani mara mbili ya Menengai. Wataalamu wengi huko waliliita volkano. Mjini Nördlingen kanisa la Mtakatifu George limejengwa kwa mwamba wa hapo hapo. Akachukua sampuli za mwamba huo, zikapelekwa kwa Chao, na koesaiti ikapatikana. Watu walikuwa wamesali karne nyingi wakiwa wamezungukwa na ushahidi.

Kwa hiyo, ukitaka kumjibu yule msichana: kwenye kuta za Menengai tabaka zimekaa kwa zamu yake, la zamani chini, jipya juu, halikupinduliwa lolote. Na ukitaka shimo la kimondo la Afrika lenye ukubwa unaokaribia huo, mpeleke Ghana, Ziwa Bosumtwi, kilomita kumi na kitu, umri wa miaka milioni moja hivi. Huko koesaiti ipo.

Ya Mwezini nitakuja kuandika baadaye, simu inaishiwa chaji.

NyarDunga

Mzee, asante, endelea ukipata stima. Lakini mimi nimekwama kwenye kaburi. Mtu anazikwaje Mwezini? Watu wake walikubali? Sisi huku Kisumu tunajua uzito wa jambo hilo. Kenya nzima ilifuata kesi ya wakili S. M. Otieno mwaka 1986 na 1987, mkewe na ukoo wakigombania azikwe Ngong au Nyalgunga, miezi mitano mwili uko mochari. Na hapo ni nchi moja!

MzeeWaVipande (Bahati)

NyarDunga binti yangu, simu imejaa sasa.

Kwanza ujue kwamba hakufika Mwezini akiwa hai, ingawa alistahili kuliko wengi. Mwaka 1961 alianzisha kitengo cha jiolojia ya anga ndani ya USGS, wakahamia Flagstaff, karibu na lile shimo. Yeye na mwenzake Robert Hackman waliandika mwaka 1962 jinsi ya kupanga historia ya Mwezi kwa kuangalia lipi limelalia lipi: miale ya kreta fulani imepita juu ya kreta nyingine, basi hiyo yenye miale ndiyo changa. Njia ile ile ya kuta za Menengai, ila unaifanya kwa darubini. Mpango huo wa nyakati za Mwezi bado unatumika mpaka leo, umerekebishwa hapa na pale.

Halafu mwaka 1963 madaktari wakamkuta na ugonjwa wa Addison, ambapo tezi zilizo juu ya figo hazitoi homoni zake sawasawa. Mwanaanga mwenye Addison hawezi kukubaliwa. Mlango ukafungwa pale pale. Akabaki upande wa pili wa meza: alisimamia kamati ya kuwachuja wanasayansi walioomba kuwa wanaanga, na akawafundisha wanaanga kusoma mwamba. Aliwapeleka kwenye shimo lake la Arizona. Mwaka 1967 watu wa Flagstaff walilipua baruti kwenye uwanja wa majivu ya volkano, wakatengeneza vishimo kufuata picha halisi ya sehemu ya Mwezi, ili wanaanga wafanye mazoezi humo. Mmoja wa vijana waliofanya kazi Flagstaff, mwanajiolojia Harrison Schmitt, ndiye aliyekwenda na Apollo 17 Desemba 1972. Shoemaker alikuwa akieleza safari hizo kwenye televisheni. Mimi hufikiria hilo mara nyingi kuliko habari ya kaburi: kukaa studio ukimweleza mtazamaji mahali ulipopaota tangu ujana, na anayepakanyaga ni uliyemfundisha.

Alikufa tarehe 18 Julai 1997, ajali ya gari kwenye barabara ya vumbi huko Australia, upande wa Alice Springs. Walikuwa wamezoea kwenda huko, yeye na Carolyn, kutafuta mashimo ya kale ya vimondo. Carolyn aliumia, akapona.

Sasa kaburi. Mwili ulichomwa. Carolyn Porco, mwanasayansi wa sayari aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Caltech, ndiye aliyesukuma wazo, na mke wa marehemu akakubali. Kiasi kidogo cha majivu, gramu 28 hivi, kilitiwa kwenye kidonge cha plastiki ngumu ndani ya chombo Lunar Prospector, kikarushwa Januari 1998. Chombo kilizunguka Mwezi mpaka kazi yake ikaisha, na tarehe 31 Julai 1999 kikaangushwa makusudi karibu na ncha ya kusini. Kwa hiyo "amezikwa" ni neno la wanafunzi, lakini majivu yapo huko kweli.

Na si wote waliofurahi. Wanavajo, wenyeji wa asili wa nchi hiyo hiyo ya Arizona, walilalamika, maana kwao Mwezi ni mtakatifu na mabaki ya mtu hayapelekwi huko. NASA ikaomba radhi na kuahidi kushauriana nao siku nyingine. Nikiwa Mkenya, mimi nawaelewa Wanavajo, na namwelewa yule mke pia. Wewe unaonaje?

NyarDunga

Mimi ningekataa. Nani atafagia kaburi? Lakini mke amekubali, basi mimi ni nani.

BabaNekesa_Bungoma

Nimesoma yote nikitafuta jambo moja, na mzee umelitaja. Huo ugonjwa. Binti yangu ana selimundu. Yuko kidato cha tatu, jiografia na fizikia ndiyo roho yake, na amebandika picha za Mshtarii ukutani mpaka mama yake amelalamika rangi inatoka. Majirani na hata jamaa wanamwambia achague kazi ya kukaa ofisini, hiyo ya kupanda milima itamrudisha hospitali. Je, kuna mwanasayansi wa sayari asiyepanda milima? Na hapa Kenya anaanzia wapi?

Mwalimu_Lurambi

Baba Nekesa, shikamoo. Mimi nafundisha fizikia hapa Kakamega. Habari ya afya muulize daktari wake wa kliniki, wanaomwona ndio wanaojua mwili wake unavumilia baridi na uchovu kiasi gani. Mimi nizungumzie kazi.

Mwambie asome habari za Carolyn Shoemaker, yule mke. Mzee amempita haraka mno, na kwa maoni yangu ndiye mwenye hadithi nzuri zaidi nyumbani humo. Alizaliwa mwaka 1929. Shahada zake ni za historia na siasa. Aliwahi kufundisha shule, hakuipenda, akaacha akalea watoto watatu. Watoto walipotoka nyumbani, akiwa na miaka 51, ndipo alipoanza astronomia. Kazi yake ilikuwa hivi: kule Palomar, kituo cha darubini huko California, walipiga picha sehemu moja ya anga mara mbili, zikipishana dakika kadhaa, kwa darubini ndogo yenye upana wa sentimita 46. Yeye akaziweka filamu mbili chini ya hadubini ya macho mawili. Nyota zote hutulia, ila kilichosogea huonekana kama kimeelea juu ya nyingine. Ni kazi ya kukaa kwenye kiti na kuwa na jicho lisilochoka. Kwa kazi hiyo aligundua kometa 32 na asteroidi zaidi ya 500.

Machi 1993 akaona kitu kirefu, akakiita kometa iliyopondwa. Ndiyo Shoemaker-Levy 9, yeye, mumewe na David Levy. Ilikuwa imeshanaswa na Mshtarii na kuvunjwa vipande mwaka uliotangulia. Kati ya tarehe 16 na 22 Julai 1994 vipande hivyo, ishirini na kitu, vikaigonga sayari kwa kasi ya kilomita 60 hivi kwa sekunde. Baadhi ya madoa yaliyobaki yalikuwa mapana kuliko Dunia. Basi fikiria mume aliyetumia maisha kuwashawishi watu kwamba mawe hugonga sayari, halafu jambo lenyewe linatokea mbele ya darubini zote, na kometa ina jina lake. (Tarehe 16 Julai hiyo hiyo, mwaka 2011, kimondo kilianguka hapa Kenya, eneo la Thika. Huwaambia wanafunzi wangu ili waamke.)

Kwa hapa: Chuo Kikuu cha Nairobi kina jiolojia, na kina pia shahada ya astronomia na astrofizikia. Njia zote mbili hufika. Jiolojia ina faida kwamba akikosa sayari bado ataajirika, jotoardhi, maji, madini, na Kakamega yetu hii ina dhahabu. Shirika la Anga la Kenya lipo tangu 2017, nalo hushughulika sana na picha za satelaiti. Mwanasayansi wa sayari wa leo hutumia muda mwingi kwenye kompyuta akisoma data za vyombo vilivyo mbali, kwa hiyo hisabati isianguke, na ajifunze kuandika programu mapema. Python, lugha ya kompyuta, inatosha kuanzia, na haihitaji mashine ya bei. Picha za Mwezi na Mirihi za NASA ni za bure kwa yeyote mwenye bando.

BabaNekesa_Bungoma

Marahaba mwalimu, ingawa nadhani tu rika moja. Nitampa asome mwenyewe. Hiyo ya kutambua kilichosogea ataipenda, yeye ndiye hutuonyesha nyumbani kitu kilichohamishwa.

MzeeWaVipande (Bahati)

Mwalimu amenisahihisha kwa haki. Carolyn aliishi mpaka Agosti 2021, akiwa na miaka 92.

Niongeze moja kwa Baba Nekesa. Kwenye rigi zetu waliokuwa wakitazama vipande hawakupanda mlima wowote. Gari liliwaleta, wakaketi kwenye kontena lenye hadubini, tukawaletea mwamba mezani. Baridi ipo, sitakudanganya, na zamu za usiku zinachosha. Lakini kuna maabara za mchana pia.

KijanaWaKreta (Nakuru)

Wazee wangu, nimekaa kimya nikinakili. Mzee wa Vipande, swali la mwisho. Jumamosi kuna kundi jingine. Nikiwa pale ukingoni bila hadubini, naweza kuwaonyesha nini kwa mkono, wakashika?

MzeeWaVipande (Bahati)

Nunua lenzi ndogo ya kukuza mara kumi. Wape kipande cha trakaiti wakigeuze juani. Wataona fuwele za madini ya feldispa zinametameta ndani ya mwamba wa kijivu. Hizo zilikua polepole ndani ya magma. Kisha wape kipande cheusi cha kioo cha volkano, hakikosi huko. Hicho kilipoa haraka, fuwele hazikupata muda. Wakishashika vyote viwili, waelekeze ukuta wa ng'ambo, wahesabu tabaka wenyewe na watafute lililopinduka. Wakilipata, nipigie simu hata usiku.

Na kioo hicho kinakata vibaya, washike pembeni.